Kutazama Ndege wa Pwani Dar es Salaam: Hesabu Maji Kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimekwenda Selander Jumamosi asubuhi na darubini mpya, nimekaa saa mbili, sijaona kitu. Ndege wenyewe wako wapi?" Ndege walikuwepo. Maji ndiyo hayakuwepo. Mara ya kwanza kwenda Kunduchi na mimi nilifika saa 4 asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, mbele yangu matope matupu, na huko mwisho nukta nukta zikitembea. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba Dar haina ndege wa kutazama.

Inao, na wengi. Kati ya Septemba na Aprili matope ya pwani yetu hupokea ndege waliotoka Urusi ya kaskazini, Siberia na nchi za Ghuba, na unaweza kuwafikia kwa nauli ya daladala. Mwongozo huu ni kwa anayeanza kabisa. Ukifuata hatua kwa mpangilio, safari yako ya kwanza haitakuwa kama yangu.

Unachohitaji kabla ya kutoka nyumbani

Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganyike na zilizoandikwa 20x au 30x. Kadiri inavyokuza ndivyo inavyotetemeka mkononi, na pwani kuna upepo. 10x42 pia inafaa kama mkono wako umetulia. Ukinunua iliyotumika, ielekeze kwenye maandishi ya mbali kabla ya kutoa pesa. Ukiona maandishi mawili mawili, iache hapo hapo, kwa sababu vioo vimehama na kuvirudisha ni kazi ya fundi hasa.

Daftari dogo na penseli. Wino huchuruzika ukiloa.

Ratiba ya maji kupwa na kujaa ya Bandari ya Dar es Salaam. Programu nyingi za simu huionyesha bure. Soma saa zake kwa uangalifu, maana hapa wengi huteleza: 16:10 ni saa 10 na dakika 10 jioni, na 04:00 ni saa 10 alfajiri. Kuna waliosoma 4:00 wakafika pwani saa 4.

Simu yenye Merlin, ambayo hutambua ndege, na eBird ya kutunzia orodha. Zote ni za bure. Pakua ndege wa Tanzania ukiwa nyumbani, usisubiri mtandao wa pwani.

Kofia, maji ya kunywa, na viatu vya kufunga. Kandambili hubaki matopeni. Nguo ziwe za rangi iliyopoa: kijivu, kahawia, kijani kilichofifia. Ila usivae mabakamabaka yanayofanana na sare za jeshi. Hapa kwetu raia haruhusiwi, na mtu mwenye vazi hilo akishika darubini mkononi ataulizwa maswali mengi.

Na mwenzako. Usiende peke yako, hasa mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Anza na sehemu moja, uizoee. Mimi nawashauri wanaoanza waende moja kati ya hizi mbili.

*Mlango wa Msimbazi, Daraja la Selander.* Mto Msimbazi huingilia baharini hapa, na maji yakipwa huachia matope mapana pande zote mbili za daraja la zamani. Tangu 2022 kuna pia Daraja la Tanzanite upande wa baharini, kwa hiyo utakuwa unatazama eneo lililo kati ya madaraja mawili. Ni katikati ya jiji, na unafika kwa daladala yoyote inayopita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Ubaya wake ni mmoja: vibaka. Simama palipo wazi, watu wanapopita, na darubini iwe shingoni wala isiwe mkobani. Usiingie matopeni hata kidogo, kwani Msimbazi unabeba maji taka ya mitaa mingi.

*Kunduchi.* Shuka Mtongani kwenye Barabara ya Bagamoyo, kisha chukua bajaji hadi pwani, kwenye mnada wa samaki. Kuna mikoko, kuna kijito, kuna ufukwe wa mchanga, na nyuma yake mabwawa ya chumvi ambako ndege hupumzika maji yanapojaa. Hapa ndipo ninapopenda zaidi. Mabwawa yana wenyewe, basi omba ruhusa kabla ya kukanyaga kingo zake. Mikoko nayo ni hifadhi ya msitu, usikate hata fito ya kutegemea.

Kigamboni upande wa Mjimwema pia ni pazuri, lakini pawe safari yako ya tatu au ya nne. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo viko ndani ya hifadhi ya bahari tangu 1975. Kuna ada ya kuingia na nauli ya boti, na kwa anayeanza matope ya Kunduchi yana ndege wengi zaidi.

Hatua ya 2: Hesabu mwezi, kisha maji

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiruka nyingine zote, hii usiiruke.

Ndege hawa hula vilivyomo matopeni: kaa wadogo, minyoo, kombe. Maji yakipwa sana husambaa mbali kuyafuata, na wewe huwaoni. Maji yakijaa kabisa, matope hufunikwa, nao huhamia kwenye mabwawa ya chumvi au juu ya mikoko kupumzika. Saa yako ni katikati: maji yanapojaa, saa mbili na nusu hivi kabla ya kufika kilele. Hapo bahari yenyewe inawasukuma hatua kwa hatua kuja ulipokaa.

Sasa ongeza jua. Pwani ya Dar inatazama mashariki. Asubuhi jua liko usoni kwako, na kila ndege ni kivuli cheusi. Alasiri jua liko mgongoni, na unaona hadi rangi ya miguu. Kwa hiyo unatafuta siku ambayo maji yanajaa jioni.

Wavuvi wanaijua siku hiyo bila simu. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya siku ya 1 hadi ya 3 na ya 15 hadi ya 17 za mwezi mwandamo, maji ya Dar hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni, na kupwa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa siku hizo hupita mita 3. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukifika siku ya 7 au ya 8 ya mwezi huo umeingia maji mafu: yanajaa asubuhi, yanapwa jioni, na hayaendi mbali wala hayaji karibu.

Kwa lugha fupi: chukua kalenda ya mwezi mwandamo, chagua siku ya bamvua, hakikisha saa kwenye ratiba, uwe umekaa mahali pako saa 8 mchana. Ndiyo, ni saa ya jua kali. Ndiyo maana nimesema kofia na maji.

*Kosa la kawaida:* kuchagua Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi. Chagua siku kwa maji, kisha tazama ni Jumamosi ipi imeangukia hapo. Kuna miezi utapata mbili, na mingine hutapata hata moja.

Hatua ya 3: Salimia kabla ya kutoa darubini

Utakuta wavuvi, kina mama wanaokaanga samaki, vijana wa kupara. Mtu mgeni anayeangaza angaza na darubini huonekana mpima viwanja au mpelelezi, na watu wa pwani wana sababu ya kuwaogopa wote wawili. Nenda kwa mtu mzima kwanza. "Shikamoo mzee. Naomba kukaa hapa kutazama ndege." Kisha uliza: "Maji yanasemaje leo?" Swali hilo limenifundisha mengi kuliko simu yangu. Mzee mmoja wa Kunduchi aliniambia bila kuangalia popote kwamba sululu watakaa kwenye fungu la kushoto, si la kulia, kwa kuwa upepo umegeuka. Wakakaa la kushoto.

Mpe darubini atazame. Mara nyingi ni mara yake ya kwanza kumwona karibu ndege ambaye amekuwa naye maisha yote.

Onyo: usielekeze darubini wala kamera kwenye kambi za jeshi, bandari, Ikulu, balozi au askari. Ndege akiruka kuelekea huko, mwache aende.

Hatua ya 4: Rekebisha darubini yako

Wengi hawafanyi hili, kisha wanalalamika kichwa kinauma.

Kwanza, bana au panua mikono miwili ya darubini mpaka uone duara moja. Pili, fumba jicho la kulia, tazama jiwe au nguzo kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka liwe wazi. Tatu, fumba la kushoto, tazama kitu kile kile kwa la kulia, na safari hii zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia tu. Umemaliza. Kuanzia hapo tumia gurudumu la katikati peke yake. Kama unavaa miwani, shusha vikombe vya mpira vya machoni.

Ili kumpata ndege ndani ya darubini, mkazie macho ndege kwanza, kisha inua darubini ije machoni. Usiinamishe macho kuitafuta darubini, ukiinuka utakuwa umempoteza.

Hatua ya 5: Kaa chini, angaza polepole

Kaa, usisimame. Mtu aliyesimama ufukweni ni hatari machoni pa ndege, aliyekaa kando ya mtumbwi ni sehemu ya mtumbwi. Tazama eneo lote kwa macho matupu dakika 5. Kisha angaza kwa darubini kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, ukisimama kila penye kundi.

Usiwafuate. Ndege wakiacha kula na kuinua shingo wote kwa pamoja, umekaribia kupita kiasi. Rudi nyuma. Mwezi Machi na Aprili wanajaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita kurudi kwenye mazalio, na kila wanaporushwa wanachoma akiba hiyo. Hili naliomba kwa moyo wote: picha nzuri haina thamani ya kuwarusha.

Hatua ya 6: Mtambue kwa umbo, rangi iwe ya mwisho

Wanapokuwa kwetu, wengi wa ndege hawa wamevua mavazi ya kuzalia na wamebaki kijivu juu, weupe chini. Ukianza na rangi, wote ni mmoja. Fuata mpangilio huu: ukubwa (mkubwa au mdogo kuliko kunguru?), mdomo (mfupi, mrefu, umepinda juu au chini?), miguu, namna anavyokula, mwisho rangi.

Kunguru wa shingo ya kijivu ndiye kipimo chako, yuko kila mahali Dar. Si mwenyeji: asili yake ni Bara Hindi, aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na leo anaiba mayai na makinda ya ndege wetu.

Jifunze hawa kwanza. Majina ya Kiswahili hubadilika toka kijiji hadi kijiji, na jina moja hubeba ndege kadhaa, kwa hiyo nimeweka na la kisayansi ili ulitafute kwenye simu.

*Membe*, Dromas ardeola. Kama ungekuja pwani kwa ajili ya ndege mmoja tu, awe huyu. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, na mdomo mweusi mnene kama jambia, wa kuvunjia kaa. Husimama kwa makundi, wametulia, wote wakitazama upande mmoja. Anazaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, na hutaga yai lake jeupe ndani ya shimo analochimba mchangani. Kisha huja kwetu kumalizia mwaka, njia ile ile ya majahazi. Tazama vizuri kundi lake: utaona wadogo wenye mgongo wa kijivu wakimfuata mkubwa na kuombaomba chakula. Ni watoto waliosafiri na wazazi wao kutoka huko, na bado wanalishwa.

*Sululu*, Numenius phaeopus. Mwili unakaribia wa kunguru, mdomo mrefu uliopinda chini, kichwani mistari myeusi na myeupe. Sauti yake ni filimbi fupi fupi zinazofuatana haraka, kama saba hivi. Ukiona mwingine mkubwa zaidi, mdomo mrefu ajabu, kichwa bila mistari, huyo ni Numenius arquata.

*Chekeamwezi*, Actitis hypoleucos. Mdogo, peke yake, mkia hautulii, unapanda na kushuka muda wote. Utamkuta hata kwenye mawe na mitaro.

*Xenus cinereus*, chekeamwezi mwingine, huyu mdomo wake umepinda juu na miguu ni ya rangi ya chungwa. Hukimbia ameinama kama anayefukuza kitu, na kweli anafukuza kaa. Ukishamwona mara moja hutamkosea tena.

*Pluvialis squatarola*. Mnene, mdomo mfupi, anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anachota, anakimbia tena. Akiruka, tazama kwapani: pana doa jeusi. Hakuna mwingine hapa mwenye alama hiyo.

*Yangeyange wa pwani*, Egretta dimorpha. Huyu huwachanganya wengi kwa sababu kuna mweupe na kuna wa kijivu cheusi, na wote ni ndege mmoja. Tazama nyayo: za njano, mguu mweusi.

Shakwe, buabua na mdiria wa mikokoni watakuja wenyewe. Vijindege vya kijivu vya mdomo mfupi vinavyokimbia mchangani kwa makumi, viache kwanza. Hata wazoefu hubishana juu yake, na anayeanza navyo hukata tamaa.

Hatua ya 7: Hesabu na uandike pale pale

Andika tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya maji, kisha ndege na idadi. Kwa kundi kubwa hesabu 10 mmoja mmoja, kariri nafasi waliyochukua, kisha pima kundi lote kwa nafasi hiyo. Usiyemjua mwandike kwa maelezo: "mdogo, miguu ya njano, anachota haraka." Usiandike jina unalolikisia. Orodha yenye watatu wa hakika inafaa kuliko yenye ishirini wa kubahatisha.

Ukifika nyumbani iweke kwenye eBird. Matope haya yanasogelewa na kifusi na takataka kila mwaka, na anayetaka kuyatetea anahitaji kuonyesha nani alikuwa akila pale na walikuwa wangapi. Kila Januari hufanyika pia sensa ya ndege wa majini barani Afrika. Ukishazoea, ulizia kwa shirika la uhifadhi la Nature Tanzania namna ya kushiriki.

Hatua ya 8: Ondoka kabla ya giza

Maji yakifika kilele, saa 10 na nusu au saa 11, ndege huruka kwa makundi kwenda kupumzika. Huo ndio mwisho wa kazi na ndio mwonekano mzuri kuliko wote. Utazame, kisha ondoka. Jua Dar huzama mapema, na pwani haifai kukaa na darubini gizani.

Ukikwama

*Nimefuata maji lakini ndege ni wachache.* Tazama mwezi wa mwaka. Kati ya Mei na Julai wengi wako kwenye mazalio, na hubaki wachache, hasa wachanga ambao bado hawajaanza kuzaa. Msimu mzuri ni wa kaskazi, Novemba hadi Machi.

*Kila kitu kinacheza kama mvuke.* Ni joto linalopanda kutoka matopeni. Usitazame mbali, subiri maji yawalete. Ikipita saa 9 hupungua.

*Ndege wote ni vivuli vyeusi.* Jua liko mbele yako. Hama upande, au rudi siku ya maji ya jioni.

*Wamekuwepo, kisha wote wameruka ghafla.* Tazama juu, huenda kuna mwewe au furukombe. Tazama chini pia: mbwa na watoto. Usihame, maji yakiendelea kujaa watarudi baada ya muda.

*Merlin inanipa jina la ndege asiyekuwepo Tanzania.* Picha yako ni ya mbali, au hukuweka mahali na tarehe. Weka, ujaribu tena, na jibu lisipolingana na mdomo na miguu uliyoiona, amini macho yako.

*Mlinzi amenikataza.* Usibishane. Mwonyeshe daftari lenye orodha ya ndege, mweleze, na akishikilia msimamo, ondoka. Tafuta mwenye mahali siku nyingine, mchana, bila darubini.

*Mguu umezama matopeni.* Usiuvute kwa nguvu. Kaa au lala nyuma, uzito uenee, uchezeshe mguu taratibu mpaka matope yaachie. Kiatu kikibaki, kibaki, maana maji yanakuja.

*Nimeona ndege mwenye pete au kibendera cha plastiki mguuni.* Una bahati kubwa. Usimkaribie. Andika rangi, ni mguu upi, juu au chini ya goti, na herufi kama zinasomeka. Piga picha hata kama ni mbovu, iweke kwenye eBird pamoja na orodha yako. Kwa alama hiyo anaweza kujulikana alivalishwa wapi na mwaka gani.